Robo ya Clive

Jumanne, Machi 1, 2005

Hundi ya fidia imekuja. Pauni elfu saba na hamsini. Serikali imetoa elfu tisa na mia nne kwa ajili ya vumbi la makaa lililomo kifuani mwa mume wangu Wilf, halafu kampuni ya Lamplight imekata robo. "Ada ya kushughulikia madai yako." Ndivyo barua ilivyosema.

Wilf alitaka nimsomee mara mbili, ya pili polepole. Akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi nikamwongezea oksijeni. "Mapafu yangu yamepata bei," anasema.

Nikamwuliza, na hiyo robo?

"Ya Clive hiyo."

Kana kwamba Clive, wakala wa Lamplight, ni mtoto tuliyemzaa.

Jumamosi, Machi 5

Leo wameandamana. Miaka ishirini tangu mgomo wa wachimbaji uishe. Bendera ya chama cha wachimbaji, watoto wamevalishwa kofia za mgodini, bendi ya matarumbeta mbele. Wilf alinifanya nimvalishe shati jeupe akae dirishani. Nilimwambia asikae. Akakaa.

Bendi ilipofika mbele ya nyumba yetu ikanyamaza. Matarumbeta yote yakashushwa. Ni viatu tu vilivyosikika. Walipofika kwa majirani, akina Tordoff, wakaanza tena kupiga, pale pale walipoachia. Bila shaka walifanya mazoezi.

Wilf akasema labda walikuwa wanapumzisha midomo.

Alirudi kazini majira yale ya baridi, wiki chache kabla ya mgomo kwisha. Walimpeleka mgodini kwa basi lenye nyavu za chuma madirishani za kukinga mawe. Basi. Hakuna jingine alilofanya maishani mwake ambalo kijiji hiki kinalikumbuka. Wasaliti wengine walihama. Sisi tulikuwa na nyumba ambayo hakuna aliyetaka kuinunua.

Clive alikuja baadaye, na pai za nyama ya nguruwe kama kawaida yake. Viatu vinang'aa, koti la ngozi. "Mzee wangu! Tajiri!" Wakala pai, wakazungumzia mbio za farasi za kesho, Wilf akamweleza kwa mara nyingine jinsi paa la mgodi lilivyoshuka mwaka wa sabini na moja, na Clive akashtuka pale pale anaposhtuka kila mara.

Nikamuuliza kuhusu ile robo. Akaweka kikombe chini taratibu. "Mama, mimi ndiye niliyebisha hodi. Nani mwingine alibisha?"

Wilf akaniangalia kama vile nimemtemea mgeni mate.

Jumatatu, Machi 7

Siwezi kuacha kuifikiria hiyo "kushughulikia".

Walipoteza karatasi za hospitali. Tukazitafuta upya. Wakazipoteza tena. Walimpeleka Sheffield kupima pumzi siku ambayo kliniki imefungwa, akakaa koridoni na mtungi wake hadi mfagiaji alipotuambia turudi nyumbani. Waliandika jina la Wilfred Suggett badala ya Sugden, na Suggett ni marehemu, kwa hiyo kwa muda mrefu serikali ilikuwa inashangaa maiti anataka kupimwa pumzi. Ni mimi niliyepiga simu. Mimi niliyengoja kwenye laini nikisikiliza vinanda. Mimi niliyegundua habari za Suggett. Nikipiga Lamplight, msichana ananiambia Clive yuko "field", yaani nje kwa wateja. Clive alikuwa sebuleni kwangu anakula pai.

Miaka mitatu. Wilf alipotia saini alikuwa anapanda ngazi mwenyewe.

Alhamisi, Machi 10

Posta. Nilikuwa nyuma ya rafu ya kadi, hawakuniona. Mavis Tordoff alikuwa anamwambia karani wa dirishani kwamba Lamplight ni wezi. Serikali inawalipa mawakili yenyewe, kila senti, mgonjwa hatakiwi kukatwa chochote. Mumewe naye alikatwa robo. Ni familia nyingi, wanaandika malalamiko ya pamoja, wanakutana kwenye klabu ya wachimbaji.

Nikatoka nyuma ya rafu. Nilisema, sisi pia tumekatwa, Mavis.

Miaka ishirini sijamwita kwa jina lake. Tulikuwa tunapika supu pamoja mwanzoni mwa mgomo ule, jikoni mwa kanisa, yeye viazi, mimi vitunguu.

Hakunijibu mimi. Alimjibu yule wa dirishani. "Watu wengine walishalipwa zamani. Walilipwa wakati sisi tunachoma viti tupate moto."

Nikanunua stempu nisizozihitaji ili nisionekane nimekimbia.

Jumatano, Machi 16

Nilikwenda mjini Barnsley, ofisi ya ushauri wa wananchi. Bi Farnsworth, kijana kuliko binti yetu Lorraine, ana mafua, lakini anasikiliza. Alisoma mkataba wa Lamplight huku akipenga kamasi. Akasema Mavis anasema kweli. Wakili ameshalipwa na serikali. Lamplight hawakupeleka chochote isipokuwa jina letu, na hilo nalo walilikosea. "Walichokata ni chenu, Bi Sugden. Daini mrudishiwe chote."

Tukaandika barua pamoja. Inahitaji saini ya Wilf, kwa kuwa ndiye mwenye madai.

Nikamwekea mbele baada ya chakula. Akaisoma yote, na miwani. Akaisukuma upande wangu.

"Sitii saini."

Kwa nini?

"Mapafu ni yangu."

Na pesa je? Nikamkumbusha kiti cha umeme cha kumpandisha ngazi, kwamba analala sebuleni kama mpangaji, kwamba ninamsafisha kwenye beseni. Elfu mbili na zaidi, Wilf.

"Clive atajisikia vibaya."

Nilicheka. Kicheko kibaya, nilikisikia mwenyewe. Nikasema ndiyo, Clive atalia hadi viatu vichujuke.

Alhamisi, Machi 17

Nimetia saini yake mimi. Nimeandika jina lake kwenye kadi za Krismasi maisha yetu yote, sasa na hapa pia. Nimeipeleka posta.

Jumamosi, Machi 26

Clive hajaja. Jumamosi iliyopita pia hakuja. Wilf alisema ni sababu ya Pasaka, barabara zimejaa.

Alitaka anyolewe. Nikamnyoa. Akataka mto utolewe kwenye kile kiti kingine, maana Clive huketi bila mto. Akakaa anatazama barabara. Kila gari likipunguza mwendo, mkono wake unakwenda kwenye kola.

Nilikula pai niliyonunua mwenyewe dukani. Yeye hakugusa yake.

Jumapili, Aprili 3

Wilf amejua. Alimpigia Clive simu nikiwa kanisani, na Clive akamweleza kila kitu, kwa upole, nina hakika, kwa ule upole wake wa kulainisha kama siagi. Kwamba ofisi imemkataza kuja kwa mteja mwenye malalamiko. Kwamba yeye hana kinyongo. Kwamba saini ile haifanani na ya mzee.

Nilimkuta amevua mpira wa oksijeni puani, midomo ya bluu. Nikamrudishia kwa nguvu. Akaushika mkono wangu.

"Umeninyang'anya mtu wangu."

Hapo nikasema yote. Sikupaza sauti, na nafikiri ni vibaya zaidi hivyo. Nilisema, Clive si mtu wako. Alikuja kwa ajili ya robo. Alikuja kwa sababu Jumamosi anabisha hodi kijiji kizima na kwetu kuna choo na chai, na hakuna jirani atakayeingia kumkatiza. Nilisema ile hadithi ya paa la mgodi hajawahi kuisikiliza hata siku moja, anashtuka kwa mazoea tu. Nilisema, umedanganywa na muuzaji, kizee wewe, na ulifurahi.

Alivuta pumzi muda mrefu kabla ya kujibu. Siku hizi kila jibu lazima alikusanyie hewa.

"Unadhani sijui?"

Kisha, baada ya kupumzika:

"Nilihesabu. Kila Jumamosi, miaka mitatu. Nikaona si bei mbaya."

Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, Aprili 6

Hasemi nami. Akitaka kitu anaandika gazetini, pembeni mwa ukurasa wa mbio za farasi. CHAI. DIRISHA. Leo ameandika PUNGUZA SAUTI, na redio ilikuwa imezimwa. Nilikuwa ninaimba, nadhani. Sikuwa na habari.

Jumanne, Aprili 12

Nesi alikuja. Alinivuta hadi jikoni. Alisema tusipange mambo ya Krismasi. Akaniuliza kama kuna ndugu au rafiki wa kukaa naye nikapumzika. Nikasema binti yuko Derby na ana zamu. "Na rafiki?"

Nikamwonyesha mahali pa kunawa mikono.

Ijumaa, Aprili 15

Nimekwenda mwenyewe kwa Mavis Tordoff. Niliapa sitakwenda.

Lamplight wamejibu. Wanasema saini ni ya kughushi, kwa hiyo malalamiko ni batili, na wanaweza kwenda mbali zaidi, hata polisi. Nilimpigia Bi Farnsworth. Ameniambia, kwa sauti ya mtu anayejizuia kunigombeza, kwamba peke yangu sasa nimejidhoofisha, lakini nikiwa ndani ya malalamiko ya pamoja kampuni haitathubutu kuiandama familia moja.

Mavis hakunikaribisha. Nilisimama barazani nikinyeshewa mvua. Nyuma yake nilimwona mumewe Jack kwenye kiti, na mtungi kama wa Wilf, mpira kama wa Wilf. Alikuwa anatukodolea macho. Kulikuwa na wanaume wawili wa bendi wamekaa naye, wanacheza karata.

Nikasema haja yangu.

Mavis alinisikiliza hadi mwisho, nadhani kwa makusudi, ili niseme yote. Kisha akasema, "Jina hilo haliwekwi kwenye karatasi moja na majina yetu."

Nikasema ni vumbi lile lile, Mavis.

"Vumbi ni lile lile," akakubali. "Lake lina wiki chache zaidi."

Jack akacheka. Ikawa kikohozi, nami nikamwambia Mavis, kabla sijajizuia, amwinamishe mbele, asimpige mgongo. Akamwinamisha. Kisha akaja kufunga mlango.

Nilikuwa nimefika geti ndipo nilipomsikia mmoja wa wale wawili akiuliza ni zamu ya nani.

Jumamosi, Aprili 23

Ninaandika haraka, jikoni.

Asubuhi Wilf aliongea. Wiki tatu, halafu: "Ninyoe." Sikuuliza kwa nini. Ngozi yake imelegea, nilimkata kidogo chini ya taya, hakuguna. Nafikiri yeye na Clive walikuwa wamezungumza tena kwa simu, maana alikuwa ameshaijua saa ya mgeni.

Clive amebisha hodi saa nane. Viatu vile vile. Nilitoka nje, nikavuta mlango nyuma yangu.

Hakuzungusha maneno. Ana karatasi: tunaondoa malalamiko, tunakubali ada ilikuwa halali, wao wanasahau habari ya saini. Hakuna senti inayorudi. Nikamwambia Bi Farnsworth atalala sakafuni kwa kicheko.

"Atacheka, ndiyo," Clive anasema. "Halafu atakwenda nyumbani kwake." Akatazama dirisha la sebule. Pazia lilikuwa limesogezwa. "Mama, mimi sina ubaya. Ukitia saini, nitakuwa nakuja kila Jumamosi. Sitakuwa na biashara hapa tena, nitakuja tu. Mpaka mwisho."

Nikamuuliza, mwisho wa nini.

Alikuwa na aibu ya kutosha kuangalia chini. Nilitamani asingekuwa nayo.

Nikasema, aingie kwanza, anywe chai, tutazungumza baadaye. Akatikisa kichwa. "Saini kwanza. Nimeshaungua hapa mara moja." Alinipa karatasi. Ana pai, nilisikia harufu yake kwenye mfuko. Amerudi kukaa ndani ya gari, mbele ya geti, mtaa mzima unamwona.

Wilf ameuliza kwa sauti, sauti ambayo sikujua bado anayo, "Enid, ni yeye?"

Nimesema ni yeye.

"Mbona haingii?"

Nimesema anaegesha gari.

"Anaegesha nini muda wote huo?" Halafu anakusanya hewa. "Kama anataka kitu, mpe."

Karatasi iko hapa kando ya daftari hili. Safari hii wameandika Sugden sawasawa. Birika limechemka na kuzimika. Bi Farnsworth hafanyi kazi Jumamosi. Sebuleni nasikia Wilf anasogeza kile kiti kingine, anakisogeza kwa mguu, anapumzika, anakisogeza tena, na ameambiwa asinyanyue hata gazeti. Ningeweza kwenda kumsaidia. Nyumba nzima ina kalamu moja inayoandika, na ndiyo hii niliyoishika.

Clive amepiga honi. Mara moja tu, taratibu, kwa adabu.