Ile Laptop Uliyomtumia Mama

Noonkopir,
S.L.P. 614,
Kitengela.

9 Machi 2025

Mpendwa dadangu Nakhumicha,

Mulembe sana. Baridi ya Kanada inasemaje? Na magoti yako, yamepoa? Sisi huku tuko, vumbi la Kitengela tunalila bila chumvi. Mama anakula vizuri, ila tangu aanguke, miguu bado imegoma.

Najua unashangaa kupata karatasi, tena kwa mkono wa Rahab anayesafiri kuja huko, na simu ziko. Utaelewa.

Ile laptop uliyotuma ili Mama akuone ilianza kuugua Januari. Hakuna anayeigusa, lakini moto kama pasi. Bando linaisha kabla ya chai. Taa ndogo ya kamera inawaka yenyewe. Mimi unanijua, mtu aliyekula maisha Mombasa mpaka Juba hawezi kushindwa na sinia la umeme. Nikaweka dawa tatu za virusi kwa mpigo. Zikapigana kama fahali watatu zizi moja, mashine ikazimia. Nikaianika juani masaa mawili, kama godoro lenye kunguni. Usicheke.

Mwishowe nikaipeleka kwa Naserian, binti wa Kimaasai mwenye saiba, duka la kompyuta, hapa stejini. Akafungua orodha ya vitu vinavyoamka mashine ikiwashwa, akanigeuzia kioo.

"Baba Maryanne, hii si virusi. Kuna mtu aliweka hii programu kabla laptop ifike Kenya. Inapiga picha na kunasa sauti kisiri, kisha inazituma. Hii barua pepe unaijua?"

Naijua. Ndiyo unayonitumia nayo salamu za Krismasi.

Na mimi mjinga nilikuwa natangaza kanisani eti uko na karama ya unabii! Ulijuaje siku ile Mama alikula saa tisa? Ulijuaje wifi yako Lorine alimfokea? Kumbe.

Nakhumicha, si ungeniuliza? Ulidhani namtesa? Si ni mama yangu pia? Naserian alifungua picha moja tu, nikamwambia funga: Lorine akimwogesha Mama, na Mama hana hata leso. Mimi mtoto wa kiume hutoka chumbani wakati huo. Sasa nimeona, tena mbele ya binti wa watu.

Programu imeng'olewa. Laptop nimeirudisha mezani kwa Mama, lakini si kwa ajili yako. Kila asubuhi akiamka huiambia, "Mulembe, Nakhumicha," hata kama hatujakupigia. Nilikuwa namcheka: Mama, hakuna mtu humo. Kumbe mtu alikuwemo, anamtazama, haitikii.

Sijamwambia kitu. Salamu yake ni saa mbili asubuhi. Piga saa hiyo. Najua kwenu mtakuwa mmelala, lakini ulipochungulia hukuangalia saa.

Msalimie shemeji Ondiek na watoto. Lorine hana neno la kukutumia, ila karanga alizobeba Rahab ni yeye amezikaanga. Mungu akulinde huko ugenini, na akirudishe kichwa chako mahali pake.

Mama akisalimia, itikia.

Ni mimi kakako, nakupenda bado, ingawa leo kwa shida,
Wanyonyi