Sentimita Nne za Shingo

Chumba cha Ushoni,
Nyuma ya Uwanja wa Mazoezi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile bega ulilolalamikia mwezi uliopita kwa kuwageuza wagonjwa vitandani limepoa. Unalichua kwa dawa, au bado unajifanya chuma? Shemeji hajambo? Na wale mapacha wameshajua kuandika majina yao, au bado wanachora kuta tu?

Huku tu wazima. Magoti yanamsumbua mama asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Jana alinigombeza kwa kuchelewa kuanua nguo, mimi mwenye miaka arobaini na sita. Binti yako naye ni mzima, anakula kwa wawili, ila hasemi na mimi. Leo ni siku ya tano. Anapita sebuleni kama mpangaji, anausalimia ukuta, anaingia chumbani. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu utanikatiza, nakujua, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Najua ameshakueleza yake. Alikupigia akilia kwamba mama mdogo amemzibia njia ya kuingia timu ya taifa ya wakubwa. Ni kweli, nimemzibia. Sasa sikiliza yangu.

Kwanza nikusifie mtoto wako, maana anastahili. Kwenye mashindano ya kimataifa ya raga ya wasichana walio chini ya miaka ishirini alitia fora. Mechi zote tatu alianza yeye mstari wa mbele, pale kwenye skramu ambapo wanane wetu wanashikana mabega na kusukumana na wanane wao. Mechi ya pili tuliwarudisha wenyeji hatua tano nzima, mtangazaji akashindwa kulitamka jina lake, akaishia kusema "yule namba moja, yule namba moja." Wenzake wanamwita Tingatinga, na jina limemkaa. Nililia pale uwanjani na sioni haya kukuambia.

Hatujamaliza hata kufua jezi za safari, katibu wa chama cha raga akaniletea fomu hapa chumba cha ushoni, meno yote nje. Timu ya wakubwa ina mechi ya kimataifa baada ya wiki tatu. Wachezaji wao wawili wa mstari wa mbele wameumia, na kocha wao anamtaka Tingatinga. Fomu ilikuwa imeshajazwa yote. Nilichobakiziwa mimi ni kuweka sahihi.

Kazi yangu unaijua, lakini nikukumbushe, maana shemeji bado anadhani nashona jezi tu. Jezi nashona, ndiyo. Ila tangu niache kucheza, mimi ndiye mwalimu wa mstari wa mbele wa vijana, na kanuni ya chama chetu inasema mchezaji wa umri wao haingii skramu ya wakubwa mpaka nithibitishe kwa maandishi kwamba shingo yake iko tayari. Kila Ijumaa nawapima kwa utepe huu huu wa ushoni. Kisha nawapeleka kwenye mashine ya skramu, lile toroli zito lenye mito, wanasukuma huku nahesabu sekunde kabla mgongo haujaanza kupinda. Yote naandika kwenye daftari. Wapo wanaocheka, eti nawapimia watoto gauni la harusi. Na wacheke.

Basi nikaisoma ile fomu. Shingo: sentimita thelathini na tisa. Dada, nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Hiyo thelathini na tisa naijua, nimeiandika kwa mkono wangu, lakini si kwenye daftari la vipimo. Niliiandika kwenye orodha ya jezi iliyobandikwa ukutani juu ya cherehani. Hiyo ni kola! Katibu kwa haraka zake alinakili kipimo cha kola akakiita shingo. Sasa fundi gani anashona kola sawasawa na shingo ya mtu? Kila kola naiongezea sentimita nne, kichwa kipite na mtu apumue. Shingo ya mwanao ni thelathini na tano, na fomu inataka thelathini na nane. Kwenye mashine anahimili sekunde kumi na nne. Wale wanawake wa timu ya wakubwa wanahimili thelathini, na bado wanaumia.

Nilimweleza katibu taratibu kabisa. Akasema, "Ah, mwalimu, si sentimita nne tu hizo? Saini basi, tusikwame."

Nikamwambia, "Kama ni nne tu, kaka, lete shati lako nikupunguzie nne kwenye kola, kisha ulivae ukahutubie mkutano." Safari hii hakuonyesha meno.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Meza ndefu, wao watatu upande ule, mwenyekiti, katibu na kocha wa wakubwa, na mimi kiti kimoja upande huu, kile chenye mguu mfupi. Mwenyekiti akauliza kama sina uchungu na nchi yangu. Mimi! Niliyeichezea nchi hii wakati timu ya wanawake inabadilishia nguo nyuma ya lori! Nilijikaza nisimjibu kwa jinsi alivyostahili. Kocha akasema yeye aliingia timu ya wakubwa akiwa na miaka kumi na saba, na je, alikufa? Nikamuuliza alikuwa anacheza nafasi gani. Akajikohoza. Winga, dada. Mtu wa kukimbia pembeni na mpira, skramu anaitazama kwa mbali kama mechi ya wengine.

Hapo ndipo nilipowatajia Kinu. Unamkumbuka, yule msichana mcheshi aliyekuwa akija kulala kwetu siku za kambi, anayemaliza mkate wote? Naye walimtaka akiwa na miaka kumi na minane. Nilichokuficha miaka yote hii ni kwamba fomu yake niliisaini mimi. Alipungukiwa sentimita mbili tu. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, niliogopa kuonekana mama mwoga, nikaweka sahihi. Alicheza mechi tano. Leo ni karani wa duka la vipuri, na akitaka kuvuka barabara inabidi ageuze mwili mzima, mguu kwa mguu, kuangalia kama gari linakuja. Hanilaumu. Kila tukikutana ananikumbatia, ananiuliza habari za mama, na mimi natamani angenitukana.

Simzuii mwanao asiende timu ya wakubwa. Nataka aende akae miaka kumi. Niliwapelekea mpango nilioandika kurasa mbili: afanye mazoezi na wakubwa mara mbili kwa wiki, asafiri nao, ajifunze skramu yao bila kuingia mechi, na siku akifikisha thelathini na nane na sekunde thelathini aanze kwa dakika kumi za mwisho. Misimu miwili, pengine chini ya hapo, maana anajituma. Mwenyekiti aliuweka mpango wangu chini ya kikombe chake cha chai. Nililiona duara la chai likienea kwenye ukurasa wa kwanza.

Wakanipa mpaka Ijumaa. Nisaini au nikabidhi nafasi ya ualimu na kazi ya jezi. Ijumaa imepita na sikusaini. Niliwaambia mashine ya skramu ni yao, cherehani ni zangu, na daftari la vipimo atakayelitaka aje alichukue kwapani mwangu. Hakuja mtu. Jumamosi wasichana wote walifika mazoezini saa moja kamili, binti yako miongoni mwao, amenuna vile vile, lakini amefika. Alisukuma ile mashine sekunde kumi na tano. Imeongezeka moja. Nimeiandika.

Sasa nakuja kwenye sababu hasa ya barua hii. Kanuni yao ina kijia cha pembeni: mwalimu akikataa, mzazi anaweza kusaini kwamba dhamana anaibeba yeye. Mimi nimemlea miaka sita, nimemfungia viatu vyake vya kwanza vya raga, lakini kwenye makaratasi mimi ni mama mdogo tu. Fomu iko njiani kwako. Wataiambatanisha na picha yake akiwa na jezi ya taifa, na barua tamu ya mwenyekiti, na namba thelathini na tisa watakuwa hawajaifuta. Yeye mwenyewe atakupigia simu na kukubembeleza. Sauti yake akibembeleza unaijua, hata mimi inanilegeza.

Dada, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni, na tangu nizaliwe ukisema kaa nakaa. Sijawahi kukukataza kitu. Leo nakukataza. Usisaini. Kasirika, niite mtovu wa adabu, nikija huko usinifungulie mlango, lakini usisaini. Na ukisaini, ujue kwamba siku ya mechi nitaingia katikati ya uwanja nikae pale pale skramu inapopangwa, wanibebe mzegamzega mbele ya wageni. Mama nimeshamwambia. Anasema anakuja na kiti chake, na yeye waone watakavyomnyanyua.

Mwanao ananiona adui, na nimekubali. Anichukie miaka yote anayotaka, mradi kila ninapopita aweze kunigeuzia shingo yake yote na kunitazama kwa hasira.

Nisalimie shemeji, umwambie suruali yake nimeimaliza ila kiuno nimekiongeza, naye anajua kwa nini. Wabusu mapacha. Mama anakusalimu sana na anasema ule, usijinyime. Binti yako hajatuma salamu, lakini amekuja mara mbili kuchungulia ninaandika nini.

Mungu akutunze kazini, alipoze bega lako, na fomu hiyo ikifika aushike mkono wako.

Wako akupendaye,
mdogo wako, ambaye hajasaini.