Upande wa Kushoto wa Mvua

Jumatatu, 3 Novemba 2025

"Sikio ni sikio. Earphones zikiwa nzuri ni nzuri kwa kila mtu. Anayesema anasikia tofauti na mwenzake anasikia mfuko wake."

Ndivyo alivyoandika Rasik leo kwenye group letu la WhatsApp, na watu wazima wakampigia makofi ya emoji. Rasik! Mzaliwa wa Kisumu, anauza redio na earphones kule Kenton, hapahapa London, tangu mimi nikiwa na nywele, na bado anasema sikio ni sikio. Basi na mguu ni mguu — tuvae sote viatu vya saizi moja.

Upuuzi mtupu. Tundu la sikio langu halifanani na lako. La kushoto halifanani hata na la kulia! Kile kikofia cha mpira kikikaa upande kidogo tu, besi yote inamwagika nje. Na umri je? Aliyevuka hamsini hasikii sauti nyembamba anazosikia kijana. Haya si maoni. Ni nyama na mfupa.

Nimemjibu kwamba nitamthibitishia. Rekodi moja, jozi tatu, masikio ya watu mbalimbali. Jozi ninazo, makampuni huniazima niziandikie tathmini, nami huzitukana, na bado wanaleta. Ile nyeusi ina besi nene. Ya fedha ni kali kama wembe. Ya kijani iko katikati. Rekodi ni ileile yangu ya siku zote: jikoni kwetu Bungoma, mama na jirani zake wanapukuchua mahindi wakiimba, mvua ikipiga mabati. Niliirekodi mwenyewe mama akiwa hai. Hakuna studio iwezayo kuunda mvua ya mabati. Jozi mbovu huigeuza uji. Jozi nzuri inakupa kila tone na mahali pake.

Mjukuu analia chumba cha pili. Bridget, binti yangu, amehamia hapa kwangu Kilburn na mtoto mpaka apate nguvu. Mumewe Griffins ni nesi kule Leeds, huja akipata off. Mtoto halali, hanyonyi sawasawa. Hata jina hana bado — mmoja anataka Theo, mwingine anataka Elijah. Dada yangu Priscilla ametuma voice note nyingine kutoka nyumbani: mtoto analilia jina. Eti kuna mkubwa wa ukoo anayetaka kurudi, na mtoto atalia mpaka litajwe jina lenyewe. Tutaje marehemu wote, mmoja mmoja, hadi anyamaze.

Nimemjibu kwamba gesi ya tumbo haina ukoo.

Jumatano, 5 Novemba

Msikilizaji wa kwanza: Emérence wa ghorofa ya chini. Mama wa Bukavu, anatunza wazee, na kila Jumapili anaimba kwaya kanisani Peckham. Ana masikio kuliko mtu yeyote katika jengo hili. Hujua nani amepanda ngazi kwa jinsi funguo zake zinavyolia.

Nikamkalisha jikoni, nikamwekea chai. Nyeusi: "Hii inakula sauti ya bamama." Ya fedha: "Hii inanichoma mu masikio, Baba Bridget!" Ya kijani: akafumba macho, akaanza kuyumba nao. Safi! Jana mimi niliipenda ya fedha kuliko zote. Tayari Rasik amelala chali.

Ndipo akauliza, macho bado yamefumbwa:

"Na ule mama wa pembeni, mbona haimbe?"

Mama yupi?

"Ule wa kushoto. Nyuma ya mvua. Anaita mutu."

Kushoto kulikuwa na mlango. Mimi ndiye niliyeshika mashine. Wanawake wote walikuwa mbele yangu na kulia, motoni. Mlangoni hapakuwa na mtu — nani asimame mlangoni kwenye mvua ile? Nikamwambia ni bawaba, au kuku. Akacheka.

"Mi ninalala na bazee bagonjwa. Mutu akiita, ninajua."

Anamsikia kwenye jozi zote tatu. Nikamuuliza basi anamwita nani. Kicheko kikaisha. Akazivua earphones, akazipanga mezani polepole.

"Jina ya mutu nisiyemujua, siwezi kuibeba mu kinywa yangu."

Akaenda. Chai ameiacha nusu.

Nimesikiliza mwenyewe jioni yote, fataki za sikukuu ya Waingereza zikilia nje. Mvua. Mvua. Mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeiweka rekodi kwenye kompyuta, nikachora picha ya sauti ya upande wa kushoto. Mvua tupu. Kama kokoto zilizomwagwa, hakuna umbo la sauti ya mtu popote.

Nikaenda kupimwa masikio pale High Road. Binti mmoja, Afnan, akanifungia kwenye kijumba chao, nibonyeze kila nikisikia mlio. Anasema nina masikio ya mtu mdogo kuliko mimi. Ningefurahi siku nyingine.

Mchana nikampa Bridget ile ya kijani. Alikuwa amembeba mtoto begani, anatembea naye chumbani kama askari wa zamu. Baada ya muda akasimama. Akaitoa ya kushoto kwanza, akaishika kiganjani kama mtu anavyoshika yai. Nikamuuliza anasikia nini. Mvua tu, Dad. Kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kisha akauliza kama mama yangu alikuwa na dada. Hakuwa naye. Kwa nini? Basi tu.

Baadaye nikamsikia ukutani, yuko kwenye simu. Anaongea Kiswahili! Bridget! Tangu aanze shule anaelewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza, leo anakivunja-vunja Kiswahili na mtu. Nikabisha mlango. Akakata simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Kenton. Rasik alinipokea mbele ya wateja.

"Ah, Bwana Bon! Wewe iko mdomo kama spika ya harusi. Haya, leta hiyo mvua yako."

Nyeusi: hakuna kitu. Akanitazama kwa ushindi. Ya fedha: nyusi zikapanda. Akasogeza kikofia cha kushoto, akakisukuma ndani zaidi.

"Huyu mama iko left, nani? Naita-ita."

Sikumwambia chochote kabla. Naapa. Nikamuuliza kama ana hasira.

"Hapana hasira. Kama mama naita mtoto, chakula iko tayari."

Jina hakulishika. Anasema mvua inalifunika. Akaniomba rekodi, akaisikilize na mashine yake kubwa nyumbani, nikamtumia palepale. Kisha akaninyooshea mkono juu ya kaunta, akapaza sauti duka zima lisikie: "Sawa! Bwana Bon nashinda. Mimi nasikia, yeye hapana sikia. Sikio si sikio!" Wateja wakacheka.

Nimebishana na mtu huyu miaka na miaka, na leo amekubali hadharani. Nimerudi na basi nikiwa nimejiziba masikio kwa vidole.

Jambo jingine. Priscilla hajatuma voice note tangu Alhamisi. Dada yangu, ambaye mbuzi akipiga chafya lazima nijulishwe.

Jumanne, 11 Novemba

Amekuja health visitor, nesi wa kutembelea watoto wachanga, na mzani wake. Mtoto anapungua. Hospitali walishampima mara ya kwanza, hawakuona ugonjwa. Kama hatakuwa ameongezeka hadi Jumamosi, alazwe. Alisema kwa upole sana, na upole wa watu hawa ndio unaotisha. Bridget akaingia bafuni, akafungua bomba ili nisimsikie akilia. Nilimsikia.

Mtoto alikuwa kwenye sofa, amezungushiwa mito. Pembeni yake nilikuwa nimeisahau ile jozi ya fedha, rekodi inaendelea kucheza. Mimi niko jikoni nachemsha maji. Ghafla kimya. Nikakimbia — nilijua nitakuta nini.

Yuko macho. Ametulia. Kichwa amekigeuzia kile kipande cha kushoto kilichokuwa juu ya mto, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesimuliwa jambo.

Nikakihamishia upande wa pili. Kichwa kikageuka, kikakifuata. Mtoto ambaye bado shingo haijakaza! Nikaweka cha kulia mahali pake: kilio. Nikarudisha cha kushoto: kimya.

Najua. Watoto wachanga hupenda mvumo, huwakumbusha tumbo. Kila kitabu kinasema. Lakini mvua iko pande zote mbili. Kwa nini akatae ya kulia?

Nilipoinua macho, Bridget yuko mlangoni. Ameona yote. Akamchukua, akamwekea mdomo sikioni, akaanza kusema neno. Silabi moja tu ilitoka, akaimeza nyingine. Mtoto akashtuka, akamkazia macho mama yake, akangoja. Bridget akafumba midomo. Kilio kikaanza upya.

Nikauliza umemwambia nini. Nothing, Dad.

Ijumaa, 14 Novemba

Rasik amenipigia simu mchana. Furaha tele. Amesikiliza wiki nzima, mkewe naye amesikiliza, wote wanasikia.

"Jina napata, Bwana Bon! Lusweti. Mwisho navuta hivi: Luswetiiii. Nani huyo, rafiki yako?"

Nikamshukuru. Nikakaa kwenye ngazi za jengo, koti mkononi.

Hakuna mtu London anayelijua jina hilo. Pasipoti inasema Bonface Khaemba. Lusweti, jina langu la kuzaliwa, lilizikwa siku niliyobatizwa. Mama alilitii kanisa, baba akalitii, mtaa mzima ukalitii. Aliyekataa ni mmoja tu, Kukhu, mama yake baba. Yeye aliendelea kusimama mlangoni pa jikoni na kulivuta mwisho vilevile, chakula kikiwa tayari. Alikufa kabla sijamiliki mashine ya kurekodia.

Na desturi naijua, hata kama nimeitukana hadharani mara nyingi. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai. Likitajwa mbele yake akanyamaza, mwenye jina humpisha, akaondoka duniani.

Nikaingia ndani. Nikamwambia Bridget: ulilisikia tangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Hakukana. Alimpigia shangazi yake Priscilla kumuuliza Lusweti ni nani. Priscilla akamwambia: usithubutu.

Nikalipuka. Ushirikina! Jina ni pumzi, ni hewa inayopita kooni! Mtoto anakonda, na wanawake wawili wenye digrii wananificha neno! Nilipiga meza. Nilisema mengi, na mengi yalikuwa hoja nzuri.

Akaningoja nimalize. Halafu akasema kwa Kiswahili, akilitafuta kila neno:

"Siwezi kumpa, Baba. Wewe bado uko."

Nikasema hiyo si sababu.

"Basi mwite wewe."

Akanisogezea mtoto. Macho makavu, yamechoka kama ya mzee. Nikafungua mdomo.

Nikasema nahitaji maji.

Jumamosi, 15 Novemba

Mzani umesema ulichosema. Begi liko mlangoni. Griffins ameshashuka King's Cross, anakuja. Teksi ya hospitali imeitwa. Kilio cha mtoto kimekuwa chembamba, hata yule wa juu aliyekuwa akigonga sakafu ameacha kugonga.

Niko jikoni. Nimevaa ile ya kijani, nisikilize mara ya mwisho. Mvua. Nyimbo za akina mama. Mvua.

Halafu upande wa kushoto mvua ikapasuka katikati — kama mtu aliyeinua pazia apite.

Rasik alikuwa sahihi. Kukhu hana hasira hata kidogo.

Nimeitika kabla sijafikiri. Nimesema, "Naja, Kukhu." Kwa sauti! Mtu mzima, asubuhi, jikoni Kilburn, kwenye kiti chenye mguu uliolegea!

Na chumba cha pili kimekuwa kimya. Si kimya cha usingizi. Ni kile cha Jumanne, cha kungoja. Bridget ananiita: "Dad?" Sijamjibu. Naandika haraka.

Hoja dhidi yangu nazijua zote, nyingi niliziandika mimi. Sikio linalongoja sana hujitengenezea. Mtu aliyeshaambiwa jina atalisikia. Kweli. Kweli tupu. Lakini mtoto yule hajaambiwa na mtu, na anangoja.

Nilifungua mdomo jana, nikaogopa. Leo nikienda pale mlangoni nitaomba maji tena, najijua. Kwa hiyo nitalifungua daftari hili na kuliweka mapajani mwako, Bridget, mbele ya mtoto. Wewe, na Griffins akiingia, na Priscilla kwenye simu, umpigie sasa hivi. Someni hapa. Mimi mwenye jina nawaambia, na sibishani: mwiteni. Jina lote, mpaka mwisho, mlivute kama alivyolivuta. Kwa sauti, kabla teksi haijapiga honi.

Msinisubiri.