Pahala Pako Barazani

Kaka yangu Nassor,

Juzi kijana mmoja alinishika mkono akanivusha barabara pale Darajani. Sikumwomba. Nilisimama tu nikitafuta funguo mfukoni, wala sikuwa na safari ya upande wa pili. Nilivuka ili nisimvunje moyo, nikamshukuru, akishaondoka nikarudi peke yangu. Nikataka kukupigia simu nikusimulie, maana wewe ndiye ungecheka vizuri. Nikakumbuka kwamba hatuzungumzi. Hatukugombana, na ndiyo maana sijui nianzie wapi kupatana.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa barazani? Pahala pako ni pale pembeni mwa mlango, penye ukuta wa kuegemea, ambapo kivuli kinafika mwanzo baada ya Alasiri. Mimi nilikaa mwisho kabisa, chini ya mfereji wa paa. Ulikuwa ukishuka kwa mafungu: mkono kwenye nondo za dirisha, kisha "Ya Latifu", kisha mwili uliobaki. Nami, magoti yangu yakiwa bado mazima, nikawaambia wenzetu meli inatia nanga.

"Cheka tu," ulinambia. "Na yako yanakuja."

Yameshafika, kaka.

Ngazi za nyumba zilipokushinda, mwanao alikuchukua Bububu, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Ulituaga ukisema ni mpaka mguu upone. Barazani kwetu mtu akisafiri hakaliwi pahala pake. Hata mgeni huambiwa hapo pana mwenyewe. Muuza kahawa aliendelea kukutilia kikombe na kukiweka pako. Kila Ijumaa baada ya sala ulinipigia simu.

"Pahala pangu papo?"

"Papo."

Papo kweli, na mimi nilikuwa nimepakalia.

Ilianza siku ya mvua, kwa sababu pangu, chini ya mfereji, panavuja. Mvua ikakatika, nisiondoke. Wenzetu walikohoa. Mmoja akauliza kama nimeshahamisha na godoro. Nikanywa kahawa yako, ukuta ukinipasha mgongo joto, nikivunja kashata kwa upande wenye meno. Sijapata kukaa vizuri namna ile. Hilo ndilo linalonisuta zaidi: kwamba nilistarehe.

Kisha Ijumaa ile ukaniuliza, kwa mzaha tu, kama ule msumari uliochomoza kwenye mwimo wa mlango bado unachoma bega.

"Unachoma," nilikujibu, "lakini ukikunja kofia ukaiweka hapo, husikii kitu."

Nilisikia kuku wa jirani zenu kwenye simu.

"Haya," ukasema. "Kaa vizuri, mdogo wangu."

Tangu hapo simu ya Ijumaa haijalia. Mwanao ananiambia siku hizi unaisifu Bububu kwa upepo wake, na mazoezi ya mguu umeyaacha. Akikuhimiza, unamwuliza unyooshe mguu uende wapi.

Kazi yangu ya uandishi wa habari miaka yote imekuwa kuwauliza watu walikuwa wapi na walifanya nini, na nikipewa jibu la mkato huwa siondoki mlangoni. Nimepita Bububu mara nyingi kwenda Mangapwani kutafuta habari za watu nisiowajua. Kwenda, nilijiambia nitakupitia nikirudi. Kurudi, nilijiambia utakuwa umelala. Jua lilikuwa bado liko juu, kaka.

Ijumaa iliyopita nilirudi pangu, chini ya mfereji. Muuza kahawa alinitazama, akatia kikombe cha ziada akakiweka pako, na kikapoa bila kuguswa. Kiuno kiliniuma mpaka Isha.

Sikuandikii ili uniambie si kitu. Ni kitu. Ulikuwa na sababu moja ya kuunyoosha ule mguu, nami niliikalia.

Jumapili nnakuja Bububu, na safari hii sitapita. Ukitaka kunisema, niseme nikiwa mbele yako. Lakini yaanze tena mazoezi, maana siku utakayorudi itabidi tushikane mikono: wewe kushuka, mimi kuinama kukushusha, na hao wenzetu watapata cha kucheka mwezi mzima.

Pahala pako papo. Nnakuandikia nikiwa nimekaa pangu, na nnapaona.

Mdogo wako,
wa chini ya mfereji