Nyumba ya Bi Mwanaisha

Jumanne, Shaabani.

Basi nyumba ni yetu. Leo bomani Mdachi aliniuliza mara tatu kwa nini Mhindi wa Kachi anunue nyumba Kilwa wakati huko Umatumbi watu wanapigana.

Bi Mwanaisha, mwenye kuuza, akamjibu: "Huyu si mgeni, bwana. Mume wangu alipofariki, ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza."

Mdachi akapiga muhuri. Hata hivyo, kwenye hati ameniandika mgeni.

Hofu ninayo. Vita vikishuka pwani, sijui...

Tuliporudi, Bi Mwanaisha akaanza kufunga vyombo vyake ahamie Tingi kwa mpwawe. Mke wangu akamnyang'anya sufuria. "Unakwenda wapi, mama? Chumba cha uani ni chako."

Sasa wako jikoni, wananicheka nilivyotetemeka bomani.