Zege Nililolinyima Maji

Mjukuu wangu Hodan, salaam aleykum. Ayeyo, bibi yako, ni mzima, anaucheka mwandiko wangu. Umeuliza kama utaiweza kazi ya ujenzi huko Mombasa. Utaiweza, damu yangu hiyo. Ila mimi nilipoanza hapa Garissa, mdomo ulizidi shule. Fundi aliniambia nimwagilie zege la paa la duka wiki nzima. Sikuuliza kwa nini. Nimwagie mawe maji, na mbuzi wana kiu? Nikawanywesha mbuzi, nikamwambia, "Tayari, fundi." Zege likakauka upesi kwa kukosa maji, na ufa ulipotokea nikauziba kwa saruji, nikanyamaza. Watu bado wanauza chini yake. Wewe mjanja kama mimi, ndiyo maana naogopa. Usipoelewa, uliza. Mawingu ya mvua yametanda tena. Nachukua fimbo nikautazame ule ufa.

Babu yako, Awowe