Kicheko Ulichokiacha Ugenini

Mwaka umetimia, Baba Pacha, tangu utuage na kutuacha na bomba la jikoni linalovuja.

"Kinyozi hajinyoi," ndivyo ulivyokuwa ukijitetea. Mtaa mzima ulikuita Fundi. Ulizibua mabomba ya wajane bila kudai kitu, ukarudi umelowa hadi magotini, unapiga mluzi. Sisi tukakinga ndoo.

Tetemeko lilipoiangusha ile nchi ya mbali, ulifunga spana zako ukaenda kuwarudishia maji watu ambao hata salamu yao hukuijua. Tulijivunia, lakini tuseme ukweli, wivu pia tuliuona. Mimi mkeo nilizidi.

Ulirudi na soksi za sufu. Bibi mmoja wa huko, aliyekuwa akikupikia kwenye hema lake, alikuwa amemfumia mwanawe, kifusi kikamchukua kabla hajazivaa. Akakuvisha wewe. Sweta nililokufumia mimi ulisema linawasha, lakini soksi za bibi hukuzivua hata kwenye joto!

Ulipofariki, alitutumia picha. Umekaa naye juu ya matofali, unacheka mdomo wazi, pengo lote nje. Hapa nyumbani hukuwahi kupigwa picha bila kufumba mdomo, hata siku ya harusi yetu. Nikasema picha ile isionekane humu ndani.

"Mama, bibi wa watu ana miaka themanini," wanao wakanicheka.

"Themanini ndiyo nini? Moyo hauzeeki."

Mwezi uliopita uvumilivu ulinishinda. Nikampigia simu, mkalimani yule yule aliyewatafsiria ninyi huko akiwa katikati. Nikauliza bila kuzunguka, "Ulimfanyia nini hadi akacheka vile?"

"Mimi?" akashangaa. "Nilikuwa namlilia mwanangu. Mume wako akajitanda shuka, akaokota ndoo, akaigiza unavyomfukuza jikoni kwa ajili ya bomba. Nikacheka, naye akacheka. Tangu tetemeko nilikuwa sijacheka. Ahsante, mwanangu."

Kumbe ulikuwa unanisengenya, wewe mwanamume! Nililia hadi pacha wakaja mbio.

Picha unayoiona juu ya tangazo hili ndiyo hiyo, na pengo lako lote. Bomba hatujalitengeneza.

Unakumbukwa na mimi mkeo, wanao pacha, dada yako mshonaji, mafundi wenzako na majirani wote. Na mwisho kabisa, kwa ruhusa yangu, bibi wa ugenini.

Kila tone likidondoka, tutakukumbuka.